Viwango Vipya vya Mishahara: Askari Asome Nini?

Kenani ni mahali padogo katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Jina lake lilianza kusikika mbali katika nusu ya pili ya mwaka 2017, wakati maelfu ya watu wa Haut-Katanga na Tanganyika, mikoa ya Kongo iliyo ng'ambo ya mpaka, walipoingia Zambia wakikimbia mapigano baina ya vikosi vya usalama na wanamgambo. Kenani ndipo walipopokelewa kwanza, na kuanzia mwaka 2018 wengi wao wakahamishiwa makazi ya Mantapala katika wilaya iyo hiyo. Lugha ya ufuko huu ni Kibemba, lakini tangu wakati huo Kiswahili cha Katanga kimezidi kusikika sokoni, na polisi aliyetoka Kusini mwa nchi akaona ya kuwa hapana budi kujifunza maneno mawili matatu ili aweze kufanya kazi yake.

Ziwa Mweru limegawanywa na mpaka. Ng'ambo kuna Kilwa ya Kongo (msomaji asiichanganye na Kilwa Kisiwani ya pwani ya Tanzania), na kaskazini yake Pweto. Upande huu kuna askari na polisi wa Zambia. Upande ule kuna wenzao wa Kongo. Wote hula ugali, ambao Wabemba huuita ubwali, kwa samaki wadogo wa ziwani waitwao chisense. Wote wana wake wanaojua bei ya unga kuliko waziri yeyote wa fedha. Na wote huusubiri mwisho wa mwezi. Mojawapo ya tofauti kubwa baina yao haimo katika bunduki wala katika sare, bali imo katika njia ambayo mshahara huipitia mpaka ufike mkononi.

Jambo hilo limenipa sababu ya kuandika habari ya viwango vya mishahara kwa ajili ya wanajeshi na polisi, watu ambao habari hii huwahusu kuliko wengi lakini huelezwa kidogo kuliko wote. Mwalimu ana chama chake. Karani na muuguzi wana vyama vyao, na viwango vinapotaka kubadilishwa wajumbe wao hukaa mezani na Serikali, wakabishana mpaka usiku. Askari hana meza hiyo. Sheria ya Zambia ya mahusiano ya kazi haiwahusu wanajeshi, polisi na askari magereza. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo imewaweka kando vivyo hivyo. Siingii katika ubishi kama sheria hizo ni nzuri au mbaya. Jeshi lenye mgomo si jeshi. Lakini mtu asiyekaa mezani ana haja kubwa zaidi ya kujua kusoma karatasi inayotoka mezani.

MAMBO YALIYOKWISHA KUTOKEA

Kwamba karatasi hiyo isiposomwa vizuri, au isipoelezwa vizuri, madhara yake ni makubwa, hilo halihitaji kubuniwa mfano. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya uhuru wa Kongo, Jenerali Émile Janssens, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa jeshi lililoitwa Force Publique, aliwakusanya askari mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, akaandika ubaoni maneno yenye maana kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Katika jeshi zima hapakuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Askari walikuwa wameona wanasiasa wakipata vyeo, magari na mishahara mipya, nao wakaambiwa kwa chaki ya kwamba kwao halibadiliki neno. Maasi yalianza siku hiyo hiyo, yakashika kambi ya Thysville, kisha nchi nzima. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliwapandisha askari wote cheo kimoja, lakini moto ulikuwa umekwisha shika paa. Mara Katanga ikajitenga, na watu wa ufuko wa Mweru wakaanza kujua maana ya kukimbia na godoro kichwani.

Miaka minne haikutimia, jambo hilo likafika kwetu Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo huitwa Lugalo. Madai yao yalikuwa mawili: maofisa wa Kiingereza waondoke, na mshahara upande. Askari wa chini alikuwa akipata shilingi 105 kwa mwezi, naye alidai 260. Waziri Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Tarehe 23 Januari wakaasi askari wa Uganda kule Jinja, wakamshika Waziri Felix Onama mpaka akakubali nyongeza. Na tarehe 24 wakafuata wa Kenya kule Lanet. Uingereza ikaitwa kuzima maasi yote matatu.

Ni vizuri kutazama kila nchi ilifanya nini baadaye. Tanganyika ililivunja jeshi lile na kuunda jingine, Jeshi la Wananchi, mwezi Septemba 1964. Kenya iliwapeleka waasi mbele ya mahakama ya kijeshi. Uganda ilitoa fedha: mshahara wa askari wa chini ukapanda zaidi ya maradufu, na wengi wa waasi wakabaki kazini. Miaka saba baadaye jeshi hilo hilo liliipindua Serikali iliyowaongezea. Mimi sisemi kwamba nyongeza ndiyo iliyoleta mapinduzi ya 1971. Mambo mengi yalipita katikati. Nasema tu kwamba nyongeza iliyopatikana kwa kumshika waziri huwafundisha watu njia ya kupata nyingine.

Sasa turudi Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, maana huko ndiko lilikotokea jambo ambalo kila askari angepaswa kulijua. Mwezi Januari 1993 askari walilipwa mishahara yao kwa noti mpya ya zaire milioni tano. Hebu fikiri: mtu anapokea karatasi moja yenye milioni tano! Lakini Étienne Tshisekedi, Waziri Mkuu aliyekuwa akishindana na Rais Mobutu, alikuwa ametangaza kwamba noti hiyo si halali, na wachuuzi wa sokoni wakakataa kuipokea. Askari akawa tajiri asiyeweza kununua fungu la mihogo. Kinshasa iliporwa, watu kwa mamia wakafa, na miongoni mwao alikuwamo Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Serikali ikaleta fedha mpya, ambayo zaire mpya moja ilichukuliwa kuwa sawa na zaire za zamani milioni tatu. Yaani ile noti ya milioni tano haikufikia hata zaire mpya mbili.

HESABU YA ASKARI ISHIRINI

Basi, viwango vinapobadilishwa, kwa hakika hubadilika nini? Nitatumia mfano wa kubuni, maana hesabu za kweli zina madaraja mengi mno hata zitamchosha msomaji. Tuchukue kituo kimoja cha mpakani chenye watu ishirini. Kumi na sita ni wa cheo cha chini, kila mmoja ana mshahara wa msingi wa kwacha 4,000. Watatu ni masajini wenye kwacha 6,000 kila mmoja. Mmoja ni ofisa, mwenye 18,000. Jumla ya mishahara ya kituo ni kwacha 100,000 kwa mwezi. Serikali inasema imepata kwacha 10,000 za kuongeza.

Fedha hizo zaweza kugawanywa kwa asilimia. Kila mtu anapata asilimia 10: wa chini anapata 400, sajini 600, ofisa 1,800. Au zaweza kugawanywa sawasawa, kila mtu 500. Kwa njia ya kwanza ofisa anaendelea kupata mara nne na nusu ya mshahara wa askari wake. Kwa njia ya pili pengo linapungua kidogo, likawa mara nne na sehemu ndogo tu. Hazina imetumia fedha zile zile, na gazeti laweza kuandika kwa haki kabisa kwamba mishahara imepanda kwa asilimia 10. Lakini katika njia ya pili askari wa chini ameongezewa asilimia 12 na nusu, na ofisa hakufikia hata asilimia tatu. Kila anayesikia asilimia bila kuuliza ni asilimia ya nini, na kwa nani, amesikia nusu ya habari.

Kuna jambo la pili ambalo huwaumiza hasa watu waliotumikia muda mrefu. Askari wetu wa kwacha 4,000 haanzi na kumaliza hapo. Kila mwaka hupanda ngazi moja. Tuseme ngazi moja ni kwacha 100. Aliye katika mwaka wake wa nane anapata 4,700. Sasa viwango vipya vinatoka, na kianzio cha daraja lake kinapandishwa kuwa 4,800. Kijana aliyetoka mafunzoni mwezi uliopita anapata 4,800. Huyu wa miaka minane, ikiwa waliopanga viwango hawakuwa waangalifu, anawekwa naye penye 4,800. Ameongezewa kwacha 100, akashukuru, mpaka siku aliposimama lindo pamoja na yule kijana na wakalinganisha hati zao. Miaka saba ya ngazi imefutwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Kwa hiyo wapangaji wazuri huhamisha watu ngazi kwa ngazi: aliyekuwa ngazi ya nane ya kiwango cha zamani huwekwa ngazi ya nane ya kiwango kipya. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo askari wa muda mrefu angepaswa kumwuliza mhasibu wa kikosi: "Afande, nimehamishwa ngazi kwa ngazi, au nimetupwa mwanzoni?"

Swali la pili ni la posho. Posho ya nyumba, ya mazingira magumu, ya chakula: hizi ni fedha halali na tamu, na mtu anayekaa pembezoni mwa nchi anazijua thamani yake. Lakini aghalabu pensheni na kiinua mgongo havihesabiwi kwa posho, vinahesabiwa kwa mshahara wa msingi. Serikali ikiongeza kwacha 500 katika mshahara wa msingi, imeongeza pia uzee wa askari. Ikiziongeza katika posho, imemfanyia wema mpaka siku atakapovua sare tu. Nimesikia watu wakipiga makofi kwa nyongeza ya posho ambayo wangeikataa kama wangekuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa uvumi wake ni mkubwa kuliko ukweli. Wapo wanaoamini kwamba mtu akiongezewa akavuka kiwango cha kodi, atarudi nyumbani na fedha pungufu kuliko za zamani. Sivyo. Zambia, kuanzia Januari 2024, iliweka mpaka wa kwacha 5,100 kwa mwezi ambazo hazitozwi kodi ya mshahara, na fedha inayofuata juu yake ikatozwa asilimia 20. Aliyekuwa na 5,000 akapandishwa hadi 5,500 hatozwi kwa 5,500 zote. Anatozwa kwa zile 400 zilizovuka, yaani kwacha 80. Katika nyongeza ya 500 anabakiwa na 420.

ASILIMIA ILIYOTANGAZWA NA ILIYOPOKELEWA

Mfano bora wa siku za karibuni unatoka Tanzania. Mwezi Mei 2022 Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 23.3, kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000. Neno "kima cha chini" lilitamkwa na kuandikwa wazi. Lakini lilipofika mtaani lilikuwa limekwisha anguka njiani, ikabaki asilimia 23.3 peke yake. Mwalimu, muuguzi na karani wa daraja la kati wakapiga hesabu ya asilimia 23.3 ya mishahara yao, wengine wakaanza hata kukopa kwa hesabu hiyo. Mwezi Julai hati za mshahara zilipotoka, wengi waliona nyongeza ndogo mno. Malalamiko yakawa makubwa hata viongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, wakalazimika kujieleza mbele ya wanachama wao.

Kosa lilikuwa la nani? Nadhani pande zote mbili zina sehemu yake. Nyongeza kubwa ilielekezwa kwa walio chini kabisa, na ikapungua kwa kadiri daraja lilivyopanda. Jambo hilo ni la haki na lina historia ndefu katika nchi ile. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka wahitimu watumikie kwa asilimia 40 tu ya mishahara yao, Rais Nyerere aliwafukuza chuoni, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wa mawaziri wake ukafuata. Viwango, basi, hurekebishwa kwenda chini pia, ingawa aghalabu watu hulisahau hilo. Lakini mwaka 2022 jedwali kamili la madaraja lilipaswa kusomwa kwa watu wiki ile ile ya tangazo, kabla uvumi haujajenga nyumba. Siku ya wafanyakazi ya mwaka 2025, pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza tena: kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000, nyongeza ya asilimia 35.1, kuanzia Julai mwaka huo. Safari hii wengi walikuwa wamekwisha jifunza kuuliza, "Na sisi wa juu kidogo?"

Kenya imeleta fundisho jingine, nalo linawahusu polisi moja kwa moja. Kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kilipendekeza mwaka 2023 mishahara ya polisi ipandishwe, nayo asilimia 40 ikatajwa kwa vyeo vya chini. Ikaamuliwa nyongeza itolewe kwa awamu katika muda wa miaka mitatu, kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Asilimia 40 iliyokatwa vipande vitatu si sawa na asilimia 40 ya leo, maana bei za vitu hazisubiri awamu. Ikiwa bei zinapanda kwa asilimia sita kila mwaka, miaka mitatu itakuwa imekwisha kula karibu nusu ya nyongeza hiyo kabla kipande cha mwisho hakijafika.

Na Zambia yenyewe? Nchi hii imekuwa na tume za mishahara tangu mwanzo wa uhuru wake: ya Whelan mwaka 1966, ya O'Riordan mwaka 1971, na ya John Mwanakatwe mwaka 1975. Kazi yao kubwa ilikuwa kuondoa urithi wa kikoloni, ambao ulikuwa umeweka ngazi moja kwa Mzungu na nyingine kwa Mwafrika. Lakini marekebisho ambayo watumishi wa leo wanayakumbuka zaidi ni ya Septemba 2013. Serikali ya Rais Michael Sata ilitoa nyongeza ambayo kwa baadhi ya watumishi wa chini ilifika asilimia 200. Kwanza palikuwa na shangwe. Kisha likaja la pili: mishahara isingepanda tena mwaka 2014 wala 2015, na ajira mpya zikasimamishwa. Katika muda huo huo bei ya shaba ilianguka, kwacha ikaporomoka, na mwanzoni mwa mwaka 2016 mfumuko wa bei ukapita asilimia 20. Mtu aliyeongezewa kidogo mwaka 2013, halafu akakaa miaka miwili bila kitu, alikuwa amerudi nyuma ya mahali alipoanzia, ingawa hati yake ilionyesha tarakimu kubwa zaidi.

Hapa ufukoni kuna jambo dogo ambalo watu wa Lusaka huenda hawalioni. Mwaka wa fedha wa Zambia huanza Januari, na viwango vipya aghalabu huanza nao. Lakini kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kwa sheria ili samaki wazaliane. Samaki mbichi huadimika, bei yake hupanda, na watu wa ufukoni hurudi kwenye chisense mkavu waliomweka akiba. Nyongeza ya Januari, kwa hiyo, huufikia mfuko wakati mbaya kuliko wote, na mke wa polisi anayesema haioni nyongeza hiyo huenda asiwe mwongo.

Katika jambo moja, hata hivyo, Zambia imefanya tendo ambalo majirani wangefaa kulitazama. Katiba yake, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema katika ibara ya 189 kwamba mtumishi ambaye mafao yake ya uzeeni hayakulipwa siku yake ya mwisho ya kazi, ataacha kazi, lakini jina lake litabaki katika orodha ya malipo mpaka alipwe. Anayejua habari za wastaafu waliokufa wakipanga foleni ataelewa uzito wa maneno hayo. Ni mzigo kwa Hazina, nao wakubwa wa fedha wameulalamikia. Lakini mzigo huo zamani alikuwa akiubeba mzee peke yake.

NJIA YA FEDHA

Yote niliyoyasema yanachukulia kwamba mshahara uliopangwa ndio unaofika. Ng'ambo ya ziwa hilo halikuwa jambo la kuchukulia. Tarehe 12 Februari 2004 Serikali ya Kongo na vyama vya watumishi walitia sahihi mapatano mahali paitwapo Mbudi, Kinshasa. Jedwali lilikuwa zuri na rahisi: tarishi wa ofisini, aliye chini kabisa, apate dola 208 kwa mwezi, Katibu Mkuu, aliye juu kabisa, apate dola 2,080. Wa juu mara kumi ya wa chini, basi. Sidhani nimeona jedwali la Serikali linaloeleweka upesi kuliko hilo. Lakini halikutekelezwa kama lilivyoandikwa, na kwa miaka mingi baadaye neno Mbudi limetajwa katika kila mgomo wa watumishi wa nchi ile kama deni lisilolipwa.

Askari wa Kongo alikuwa na shida nyingine juu ya hiyo. Katika miaka ile baada ya vita mshahara wa askari wa chini ulikuwa kama dola 10 tu kwa mwezi, na hata hizo zilipita mikononi mwa makamanda. Fedha zilitoka Kinshasa katika magunia, zikashuka kutoka makao makuu hadi brigedi, kutoka brigedi hadi kikosi, na kila mlango ulikuwa na mkono wake. Isitoshe, fedha zilitolewa kwa hesabu ya majina, na mwenye kuandika majina ndiye aliyezigawa. Askari waliokufa waliendelea kula mshahara, na wengine walikuwa hawajapata kuzaliwa.

Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipeleka ujumbe wa ushauri wa kijeshi ulioitwa EUSEC, na wazo lake kuu lilikuwa moja: njia ya amri itengwe na njia ya malipo. Kamanda aamuru vita, lakini asiishike fedha ya askari. Askari walihesabiwa mtu kwa mtu, wakachukuliwa alama za vidole na kupewa vitambulisho. Majina hewa yakaanguka kwa maelfu kwa maelfu, na fedha iliyokuwa ikiliwa na vivuli ikatumika kuwaongezea walio hai. Askari aliongezewa mshahara pasipo Hazina kuongeza mzigo mkubwa, kwa kuhesabu watu tu! Marekebisho ya viwango yanayoanza kwa kuhesabu watu yana msingi. Yanayoanza kwa kutangaza asilimia juu ya orodha yenye maiti yanawaongezea maiti pia.

Kuanzia mwaka 2011 Kongo ikaanza kuwalipa watumishi, wanajeshi na polisi kupitia benki. Mijini mabadiliko yalikuwa makubwa. Vijijini, ambako benki iko mwendo wa siku nyingi, ilibidi kutafuta mawakala, na kwa walimu wa mashambani hata shirika la Caritas la Kanisa Katoliki lilipewa kazi ya kupeleka mishahara. Askari wa kituo cha mbali bado humtegemea mtu wa kumletea falanga zake, na mtu huyo bado ana mfuko.

Kisha, mwezi Machi 2025, baada ya Goma na Bukavu kutekwa na waasi wa M23, Rais Félix Tshisekedi aliamuru mishahara ya wanajeshi na polisi iongezwe maradufu. Maradufu ya mshahara unaofika ni jambo kubwa. Raia waliofika Kenani mwaka 2017 walikuwa wamekwisha ona sare za kila namna, na kwa mtu wa kijijini askari anayelipwa na askari asiyelipwa hutambulika tangu mbali, kwa namna anavyomtazama mbuzi.

Hati ya mshahara wa mwezi wa kwanza wa viwango vipya ikifika, usiitazame tarakimu ya chini kwanza. Iweke kando ya hati ya mwezi uliotangulia. Tazama mshahara wa msingi umebadilika kwa kiasi gani, kisha ngazi uliyowekwa, kisha posho. Tazama tarehe ambayo nyongeza ilipaswa kuanza. Ikiwa ni ya nyuma, malimbikizo yako wapi, na katika mstari gani? Ukiona kasoro, iandike kwa barua kupitia kwa mkuu wako, ubaki na nakala yenye tarehe. Hati zote mbili zihifadhiwe nyumbani, pakavu, mbali na moshi wa jikoni, maana siku ya kuhesabu pensheni ni wewe utakayeulizwa ulikuwa ngazi gani mwaka gani.